Gesi Haiishi

Kuna neno moja ambalo mteja akilitamka kwenye simu, mimi hununa hata kabla sijajua kuwa nimenuna. Neno lenyewe ni "imeisha." Fundi, friji yangu haigandishi, gesi imeisha, njoo uongeze. Namjibu kwa adabu, maana siku hizi nimejifunza adabu, lakini moyoni nasema, haya, tumeanza. Watu wa kwetu wamezoea mtungi wa kupikia. Unachemsha githeri wiki mbili tatu, siku moja moto unalegea, unatikisa mtungi, unajua imeisha. Basi wanadhani friji nayo ni vivyo hivyo, inakula gesi yake kidogo kidogo mpaka inabaki na njaa, ndipo unaita fundi aje ajaze.

Aliyenifundisha kulichukia neno hilo ni mzee mmoja aliyeitwa Mwalimu na kila mtu kwenye karakana za hapa Nakuru. Hakuwahi kushika chaki. Aliitwa hivyo kwa sababu nusu ya mafundi wa friji wa mji huu walipita mikononi mwake, na mimi nilikuwa mwanamke pekee kati yao. Siku ya kwanza aliyonichukua kazini tulikwenda Kikopey, kwa mwenye bucha mmoja ambaye chumba chake cha baridi kilikuwa kimeanza kutoa harufu. Yule boss alitupokea amevaa aproni yenye damu, akatuambia haraka, haraka, gesi imeisha, ongezeni nifungue kazi.

Mwalimu aliweka mfuko wake chini akamwuliza, "Imeliwa na nani?"

Mwenye bucha alidhani ni mzaha. Mwalimu hakuwa na mzaha. Alimweleza, taratibu kabisa, kwamba gesi ya friji haiishi. Haichomwi, hailiwi, inazunguka humo ndani ya mabomba miaka nenda miaka rudi. Kama haipo, imetoka, na kama imetoka kuna mahali ilipopitia, na yeye hajazi kitu chenye tundu. Boss akasema kuna fundi mwingine huja akajaza dakika kumi akaenda zake. Mwalimu akainua mfuko akaelekea mlangoni. Ilibidi yule bwana amkimbilie, aproni ikimpiga magotini. Tulikaa pale mpaka saa nane mchana tukitafuta gesi inapotokea, tukapaona kwenye nati moja iliyolegea nyuma ya feni, na tukala mbavu za mbuzi za bure. Nilirudi Nakuru nikiwa nimeshakata shauri kwamba nitakuwa fundi wa aina ile au sitakuwa fundi.

Alikuwa na njia zake. Kwanza macho. Gesi ikitoka hutoka na mafuta ya kompresa, na mafuta hushika vumbi, kwa hiyo kabla hujatoa chombo chochote unazunguka ukitafuta bomba lililochafuka kuliko mengine. Halafu povu. Alichanganya sabuni ya kuoshea vyombo na kijiko cha sukari ili povu likae, akalipaka kwa brashi ya kunyolea ndevu, kiungo kimoja baada ya kingine, na akipaka anangoja. Sisi wanafunzi tulikuwa na papara. Tunapaka, tunatazama sekunde mbili, tunasonga. Yeye angekurudisha. Kuna tundu dogo mno linalopuliza povu moja kwa dakika nzima, na kama huna dakika nzima ya kulingoja, kauze sukuma wiki.

Na alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Bomba la baridi huvikwa sponji, na sponji hufungwa kwa utepe. Kila alipomaliza kufunga utepe, Mwalimu alikunja ncha yake kidogo, upana wa ukucha, ili anayekuja kufungua siku nyingine apate pa kushika. Alisema asiyekunja ncha hamfikirii fundi anayekuja nyuma yake. Mimi pia hukunja. Sikuweza kuacha hata baada ya yote yaliyotokea, na nimejaribu.

Alinipa nafasi wakati hakuna aliyenitaka. Nilimaliza politekniki nikazunguka karakana zote na cheti changu kwenye bahasha, wanaume wakaniambia kuna saluni zinatafuta watu. Mwalimu alinitazama mikono tu. Akauliza kama naweza kuamka mapema. Mama yangu, aliyekuwa mjane mwenye ng'ombe wanne kule Bahati, alipopata habari alikuja mjini na mkebe wa maziwa wa lita tano kumshukuru. Tangu hapo haukupita mwezi bila Mwalimu kunywa maziwa ya mama. Krismasi alikuja kwetu. Aliketi kwenye kiti cha baba, kiti ambacho hata wajomba zangu hawakuthubutu kukikalia, na mama ndiye aliyemkaribisha pale. Nayasema haya ili ijulikane kwamba hakuwa mtu baki kwetu.

Kwa hiyo tulipopewa kazi ya kuhudumia tangi la kupozea maziwa la kituo cha wakulima kule Bahati, ilikuwa ni furaha ya nyumba nzima. Mama alikuwa akipeleka maziwa yake pale pale. Wakulima wote wa upande wetu huleta maziwa asubuhi na jioni, karani anayapima, yanamwagwa ndani ya tangi, na mashine inapaswa kuyafikisha baridi ya kutosha kabla lori halijaja alfajiri kuyachukua. Lori likija, dereva huyapima tena. Yakiwa yamechacha, hayachukui. Tangi zima linamwagwa, ya mzembe na ya msafi pamoja.

Mwaka ule yalichacha mara mbili katika mwezi mmoja. Wakulima walifura, na watu wakifura hutafuta mtu. Maneno yakaanza kwamba kuna anayechanganya maziwa ya asubuhi yaliyolala na ya jioni. Na nani huleta ya jioni akiwa wa mwisho, jua limeshaanza kuzama, maziwa yake yakimwagwa juu ya ya wenzake? Mama yangu. Shamba letu liko juu kabisa, karibu na msitu, na yeye huteremka kwa miguu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hatia yake, umbali.

Kamati ikaitisha mkutano pale kituoni. Mimi na Mwalimu tuliitwa kama mafundi. Siku iliyotangulia, Mwalimu alikuwa amekwenda kulikagua tangi peke yake, na asubuhi ya mkutano nikafika mapema nikaunganisha geji zangu za kupimia gesi. Sindano zilisimama pale zinapotakiwa. Nikapaka povu viungo vyote vya mbele, nikangoja dakika zangu, hakuna kitu. Nilipotaka kujipenyeza nyuma ya tangi, kwenye ule mwanya kati ya tangi na ukuta, Mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai akaniambia huko nyuma ameshapita jana, nisijichafue bure.

Sikupita. Kwetu karakanani hupimi mahali Mwalimu amepima. Hakuna aliyeiandika hiyo sheria, lakini kulirudia alilolifanya yeye, tena yeye akiwa amesimama pale, ilikuwa ni kumwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Nilifuta mikono nikaenda kuketi.

Mama aliketi benchi la mbele amefunga kitambaa chake cha kanisani, mkebe wake umesimama karibu na miguu. Alikuwa ameusugua mpaka unang'aa. Mwenyekiti alimwuliza kwa upole, lakini ni upole ule wa mtu aliyekwisha kuamua. Mama akasema maziwa yake ni safi, anakamua anakuja moja kwa moja, hajawahi kulaza maziwa tangu aolewe. Wakanong'ona. Ndipo akasimama akawaambia maneno ambayo mimi nayasikia mpaka kesho: "Kama ni mambo ya mashine, mwulizeni msichana wangu. Yeye hawezi kuwadanganya."

Mwenyekiti akanigeukia. Akauliza kama mashine iko sawa.

"Iko sawa," nilisema. "Nimeipima mwenyewe, kila mahali."

Kila mahali. Sijui kwa nini niliongeza hayo maneno mawili. Nadhani nilitaka waone kwamba sipendelei kwetu, kwamba mimi ni fundi kabla ya kuwa mtoto wa mtu. Nilijiona mtu wa haki sana, bwana. Mwalimu aliyekuwa ameketi kando yangu aliinamisha kichwa akanywa chai yake. Mama alinitazama kidogo, akaketi. Wakamwambia asilete maziwa mpaka watakapoamua vingine.

Sasa mtu wa mjini anaweza kuuliza, si maziwa tu? Angeuza kwa jirani. Lakini huko kwetu kufukuzwa kituoni ni kuambiwa u mchafu. Akina mama wa kanisa walikuwa wakipika chai ya wageni kwa maziwa ya mama miaka yote. Jumapili iliyofuata walinunua ya pakiti dukani. Hakuna aliyemwambia kitu. Walimpa kazi ya kukata mkate. Jirani aliyekuwa akituma mtoto kuchukua chupa moja kila asubuhi akaacha kumtuma. Mama akawa anawamwagia ndama na mbwa, kisha akaanza kuuza ng'ombe, mmoja, halafu wa pili, halafu yule mweusi aliyempenda kuliko wote. Akabaki na mmoja. Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Alinipikia, akaniuliza kama kazi ni nyingi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshauri awe anasuuza mkebe kwa maji moto zaidi.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja karani wa kituo akanipigia simu. Ni dada mmoja mpole tuliyesoma naye shule ya msingi, na sauti yake ilikuwa na haya. Alisema maziwa yamechacha tena, tangi zima, lori limeondoka tupu. Kila mmoja wetu alijua mwenzake anafikiria nini. Mama yangu hakuwa ameleta hata tone.

Mwalimu alikuwa Salgaa siku hiyo, ameitwa kwenye loji moja ambayo friji zake za soda zilikuwa zimekufa. Nilichukua vyombo vyangu nikapanda Bahati peke yangu. Karani alinifungulia, akaniambia, kwa nia njema kabisa, nisihangaike sana. "Itakuwa gesi imeisha tena," alisema. "Mwalimu akija huongeza tu, inapoa."

Nilimwuliza, tena?

Akanieleza. Kila baada ya miezi miwili hivi, wakati mwingine chini ya hapo, tangi huanza kuchelewa kupoa. Yeye humpigia Mwalimu, Mwalimu huja na mtungi wake, huongeza, huondoka. Ilikuwa hivyo tangu mwanzo wa mwaka. Hata siku moja kabla ya ule mkutano wa mama alikuja akaongeza. Nilimwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia mimi. Akasema Mwalimu alimwambia asinisumbue, ni jambo dogo, gesi ya mashine kubwa huisha haraka.

Huisha. Ni Mwalimu mwenyewe aliyesema huisha. Nilimwomba karani arudie, na akarudia, akinitazama kama mtu anayejiuliza amekosea wapi. Mtu aliyemwacha mwenye bucha amesimama kwa sababu ya neno hilo, mtu aliyenirudisha kiungo kile kile mara nne kwa sababu sikungoja dakika, alikuwa akija hapa bila mimi kujua na kusema gesi imeisha. Nilijaribu kumtetea kichwani. Labda alitania. Labda karani hakuelewa. Nilimtetea nikiwa nimeshaanza kuvua koti ili niweze kupenya nyuma ya tangi.

Mwanya ule ni mwembamba, unaingia ubavu ubavu. Mwishoni, pale bomba la kurudisha gesi linapopinda kuingia chini ya tangi, niliona sponji mpya. Bomba lote lina sponji ya zamani, ya kijivu, iliyoliwa na panya, na pale kwenye kona kuna kipande kipya cheusi, urefu wa kiganja. Kimefungwa utepe. Nikapapasa nikitafuta mwanzo wa utepe, na ukaja wenyewe mkononi, kwa sababu ncha ilikuwa imekunjwa.

Nilikaa pale nimebanwa kati ya ukuta na tangi nikaishika ile ncha. Sikuwa na haja ya kuendelea, lakini niliendelea. Chini ya sponji kulikuwa na rangi ya fedha, imepakwa vizuri. Nikaikwangua kwa bisibisi. Chini ya rangi kulikuwa na gundi ya chuma, ile wanayozibia matangi ya mafuta ya magari, imebandikwa juu ya kiungo kama chapati. Na pembeni mwa gundi, mafuta. Siku hizi kuna rangi maalumu inayotiwa ndani ya mashine pamoja na gesi, ukimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau inawaka kijani mahali gesi inapotokea. Mwalimu aliidharau, alisema ni ya wasio na macho. Nilikuwa na tochi hiyo mfukoni. Nilimulika, na kona nzima ikawaka kijani. Mimi sikuwahi kutia rangi kwenye tangi lile.

Kwa hiyo alijua. Hakuwa amepitiwa, hakuwa amezeeka akaacha kuona. Alitia rangi, akatafuta, akaupata ufa, akauziba kwa gundi ambayo kila fundi anajua haiwezi kushika, akaupaka rangi, akaufunika, akafunga, akakunja ncha. Na akiwa anajua hayo yote alisimama mlangoni na chai akaniambia nisijichafue bure. Kisha akaketi kando yangu akanisikiliza nikimzika mama yangu mzima mzima, na hakukohoa hata mara moja.

Kesho yake asubuhi nilimkuta karakanani, anabadilisha mpira wa mlango wa friji moja ndogo. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, na yote niliyasahau. Niliweka ule utepe mezani, mbele yake. Aliutazama akaujua. Hakujisumbua kukana, na hilo peke yake ndilo ninalomshukuru kwalo.

Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, akauacha hapo. Ulikuwa ukitetemeka. Si sana. Kutetemeka kidogo kidogo, ambako mtu akishika kikombe au bisibisi hutakuona. Lakini kuunganisha shaba kwa moto kunataka mkono uliotulia, na kwenye kona ile iliyobanwa kunataka mkono uliotulia kabisa. Alisema ulianza mwaka uliopita. Alijaribu kuchomelea kile kiungo mara mbili, mara zote mbili akakiharibu zaidi.

Nikamwuliza kwa nini hakuniita. Mimi mkono wangu umetulia, yeye ndiye aliyeutuliza.

"Ningekuita ungejua nimeisha," alisema.

Nawaambia ukweli, neno hilo lilinichoma. Kwa dakika nzima nilimwonea huruma, na kama angeishia hapo huenda leo ningekuwa nampelekea chakula. Lakini bado nilikuwa na swali moja. Nikamwuliza, na mama yangu? Ulijua ni mama yangu aliyeketi pale.

Alivuta mpira wa friji akautazama. "Mama yako anajua kuvumilia," alisema. "Nilijua hatavunjika."

Basi. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga, mtu aliyekaa kwenye kiti cha baba yangu. Aliweka fahari yake upande mmoja na mama yangu upande mwingine, akaona mama ndiye atakayeweza kubeba. Na si kwamba alikosea kuhusu nguvu zake, mama ana nguvu. Kilichonitia wazimu ni kwamba alikuwa amezijua hizo nguvu mezani kwa mama, akila chakula chake, akazitumia. Nilimwambia mambo ambayo sitayarudia hapa, na mengine ni ya aibu kwa mwanamke wa umri wangu. Nilimwita mwizi. Majirani wa karakana walizima mashine zao wasikie. Yeye alikaa tu, mkono mezani, ukitetemeka, na sikujua kama ni ule ugonjwa au ni mimi. Nilikusanya vyombo vyangu. Brashi ya kunyolea aliyonipa niliiacha mezani kwake, kisha nikarudi kutoka mlangoni nikaichukua, kwa sababu ni brashi nzuri na nilikuwa na kazi ya kufanya.

Nilirudi Bahati siku hiyo hiyo. Nilitoa gesi yote, nikakata kile kiungo, nikaweka kipya, nikakichomelea nikiwa nimelala ubavu na uso wangu shubiri moja kutoka kwenye moto. Nikajaza hewa ya naitrojeni kupima kama panavuja, nikakaa kwenye ndoo nikiitazama sindano ya geji saa tatu nzima. Haikusogea. Ndipo nikajaza gesi. Mwenyekiti alikuja akanishukuru, akasema tulimalize kimya kimya, hakuna haja ya kuwasumbua wakulima na mambo ya zamani, kituo kitapata jina baya. Nilimwambia kama mama yangu alihukumiwa kwenye benchi lile, atasafishwa kwenye benchi lile, na kama hataki, nitaling'oa bomba hilo kwa mikono yangu. Aliona uso wangu akaitisha mkutano.

Nilisema yote mbele yao. Ufa, gundi, rangi, miezi. Nilimtaja Mwalimu, na Mwalimu hakuja. Halafu nikasema na langu: kwamba sikupita nyuma ya tangi, na nilisema nimepita. Baadhi ya wale akina mama wa kanisa walitazama chini. Mwenyekiti akasema kituo kinamwomba mama msamaha na arudi kuleta maziwa wakati wowote. Watu walipiga makofi. Benchi la mbele lilikuwa tupu. Mama alikuwa ameitwa, akatuma neno kwamba ana kazi.

Nikapanda kwa miguu mpaka nyumbani. Nilimkuta bandani anamkatia ng'ombe wake mmoja nyasi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa Kikuyu chetu, kama tulivyoongea tangu nijue kuongea. Nilimweleza habari ya mkono wa Mwalimu. Nilimweleza alivyosema juu yake, kwamba anajua kuvumilia, na nilidhani hapo atakasirika pamoja nami. Nilitaka sana akasirike pamoja nami. Kisha nikamweleza kwamba siku ile nilisema kila mahali, na haikuwa kila mahali. Hakunikatiza. Aliendelea kukata mpaka rundo likamtosha ng'ombe, akafuta panga kwenye buti lake.

Kiswahili, kwa mama yangu, ni lugha ya wageni. Humwongelesha daktari wa ng'ombe kwa Kiswahili, na watu wa ofisi ya chifu, na wanunuzi wa ndama wanaotoka mbali. Mimi hakuwahi kunisemesha kwayo hata siku moja, hata akiwa na hasira, hata mbele ya watu.

"Mimi ndiye niliwaambia wakuulize wewe," aliniambia kwa Kiswahili. "Sikuwaambia waulize huyo mzee."

Nilimwomba msamaha kwa Kikuyu. Nililia pia. Aliniacha nilie, akaniletea maji ya kunawa uso, akangoja nimalize.

"Ni sawa, fundi," alisema. "Asante kwa kuja."

Akanisindikiza mpaka langoni, akafunga lango nyuma yangu kwa mnyororo. Maziwa hakurudisha kituoni. Huu ni mwaka wa pili. Naenda kwake kila Jumapili, tunakunywa chai, ananiuliza habari za kazi, za watoto wangu, kama mvua imefika Nakuru, na yote ananiuliza kwa Kiswahili.